Mimi, Kingani au Götzen? Boti gani ya vita ya Ziwa Tanganyika uijenge modeli yake kutoka sifuri

Kama unataka kujenga modeli ya boti ya kivita ambayo huwezi kuikuta dukani imefungwa kwenye boksi, basi zile za Ziwa Tanganyika za vita ya kwanza ya dunia mi naona ndo zenyewe. Ni ndogo, historia yake ni nzito, na mambo yote yalitokea hapa hapa kwetu, Kigoma upande huu na Kalemie upande wa Kongo. Shida inakuja kwenye kuchagua. Waingereza walikuwa na boti mbili zilizoitwa Mimi na Toutou, Wajerumani walikuwa na Kingani, Hedwig von Wissmann na lile meli kubwa Graf von Götzen ambalo leo tunaliita Liemba. Mtu anaziona picha zote anazipenda zote halafu anaanza na ile kubwa kuliko zote kwa sababu ndo maarufu, anafika katikati anachoka, modeli inabaki juu ya kabati inashika vumbi.

Kwa hiyo hapa naziweka kando kwa kando kwa vitu vinavyomhusu fundi, yaani picha zinasaidia kiasi gani, bodi (mwili wa boti) inajengwaje, vya juu ya sitaha ni vingi au vichache, na itakaa wapi nyumbani. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua nimesimama wapi: kama hii ni kazi yako ya kwanza ya kutoka sifuri, jenga boti iitwayo Mimi, skeli 1:35 (yaani modeli ni ndogo mara 35 kuliko boti yenyewe), kwa mbao. Kingani ni ya pili. Götzen iache mpaka mikono izoee.

Kwa ufupi kwa ambaye hajaifuatilia hadithi. Mimi na Toutou ni boti pacha zilizotoka kiwanda cha Thornycroft kule Uingereza, futi 40 kila moja, yaani mita 12.2, upana mita 2.4 hivi, bodi ya mahogani, injini mbili za petroli za nguvu farasi 100 kila moja. Mbele waliweka mzinga wa Hotchkiss wa paundi 3 (ndo uzito wa risasi yake), nyuma bunduki ya Maxim. Juni 1915 zikapakiwa kwenye meli ya Llanstephan Castle, zikashuka Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume kule Katanga, na kutoka hapo zikaburutwa nchi kavu juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe, halafu treni tena, halafu mto Lualaba, halafu treni tena mpaka ziwani. Mkubwa wao alikuwa Geoffrey Spicer-Simson. Ziliingia majini wiki ya Krismasi, na tarehe 26 Desemba 1915, siku ya Jumapili, zikaikamata Kingani katika mapigano ya kama dakika 11 tu. Kingani ikabadilishwa jina ikaitwa Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi zikaizamisha Hedwig. Götzen wenyewe Wajerumani waliizamisha kwa makusudi Julai 1916 baada ya kuipaka mafuta mazito mitambo yake yote, ndo maana iliweza kuibuliwa na kurudi kazini 1927 kama Liemba.

Sasa vipimo, maana hapa ndo watu wengi wanapotea kabla hata ya kukata kipande cha kwanza. Hizi ni sentimita za urefu wa modeli:

| Boti | Urefu halisi | 1:35 | 1:48 | 1:72 | 1:150 |
|---|---|---|---|---|---|
| Mimi / Toutou | m 12.2 | 35 | 25 | 17 | 8 |
| Kingani / Fifi | kama m 17 | 49 | 35 | 24 | 11 |
| Hedwig | kama m 20 | 57 | 42 | 28 | 13 |
| Götzen / Liemba | m 71.4 | 204 | 149 | 99 | 48 |

Ukiangalia hiyo mistari unaona mwenyewe. Götzen kwa 1:35 ni mita mbili, hiyo siyo modeli tena, ni samani. Mimi kwa 1:150 ni urefu wa kidole, mzinga wake unakuwa kama kipande cha sindano na huwezi kuonyesha chochote cha maana. Kwa hiyo skeli siyo suala la kupenda tu, boti yenyewe inakuamulia. Kwa Mimi mi nasema 1:35 kwa sababu moja kubwa sana, askari wa plastiki wa skeli hiyo wapo kibao duniani, unaweza kuwanunua ukawakata kata na kuwabadilisha nguo, na boti hii bila watu haieleweki. Mtu asiyeijua akiiona tupu atadhani ni boti ya kuvulia dagaa. Mweke mpiga mzinga amepiga magoti nyuma ya ule mzinga (ulikuwa chini kiasi kwamba ilibidi apige magoti), na ghafla mtu anaelewa boti ilivyokuwa ndogo na kazi waliyotumwa ilivyokuwa kubwa.

Tuje kwenye picha. Ukijenga kutoka sifuri picha ndo mchoro wako, na hapa Mimi na Toutou zinaziacha nyingine mbali. Fikiria, boti ya kawaida inapigwa picha ikiwa majini, unaona nusu ya juu tu, chini ya maji unabaki unabahatisha. Hizi mbili zilisafiri nchi kavu maelfu ya kilomita. Zilipigwa picha zikiwa juu ya mabehewa, zikiwa juu ya matela, zikiwa zinavutwa msituni, na tumbo lote liko nje linaonekana, mkuku (uti wa mgongo wa chini) unaonekana, jinsi omo (ncha ya mbele) inavyokatika unaona, huku nyuma unaona bodi inavyoishia. Hakuna boti nyingine ya vita ile ambayo safari yake yenyewe imemfanyia fundi wa modeli kazi ya namna hiyo. Nyingi ya picha hizo ziko kwenye hifadhi ya Imperial War Museum ya London na unaziona kwenye mtandao.

Kingani nayo ina picha nzuri, hasa za baada ya kukamatwa maana ilivutwa ufukweni ikatengenezwa, na kuna za Fifi ikiwa na mzinga mpya mbele. Lakini chini ya mstari wa maji unapata kidogo kidogo, inabidi ujazie kwa kuangalia boti nyingine za mvuke za aina hiyo za miaka ya 1890. Hedwig ni shida zaidi. Götzen ina picha nyingi sana, na meli yenyewe bado ipo, lakini kuwa makini hapo, Liemba imebadilishwa mara kadhaa, ilitoka kwenye mvuke ikawekewa dizeli miaka ya 1970, na muundo wa juu siyo ule wa 1915. Mtu akienda Kigoma akaipima Liemba halafu akaandika Götzen kwenye kibao cha modeli yake, amejenga Liemba. Hakuna ubaya kujenga Liemba, tena mi naipenda sana, ni meli iliyobeba watu wetu na mizigo yao miaka na miaka na 2015 ikabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga. Ila ujue unajenga ipi.

Namna ya kuchukua vipimo kwenye picha ni ile ile kwa zote. Tafuta picha iliyopigwa ubavuni kabisa, siyo ya pembeni pembeni, maana ikiwa ya kona urefu unafupika na kila kitu kitatoka vibaya. Unajua urefu wa boti ni mita 12.2, unapima kwenye picha kwa rula, unapata uwiano, halafu unahakikisha kwa kitu kingine unachokijua ukubwa wake, mfano mtu aliyesimama pembeni, mkadirie mita 1.7. Kama vipimo viwili vinakubaliana kwa karibu, fresh, endelea. Kama vinapishana sana picha ni ya kona, itupe tafuta nyingine.

Haya, bodi. Hapa ndo ulinganisho wa kweli ulipo na hapa ndo naomba utulie usome.

Bodi ya Mimi iko wazi ndani. Ni boti ya mwendo, siyo ya kulala, kwa hiyo ukiangalia kutoka juu unaona ndani, unaona matangi ya petroli katikati, unaona sehemu ya kukaa. Maana yake huwezi kuchonga gogo moja ukapaka rangi ukamaliza, lazima bodi iwe tupu na kuta ziwe nyembamba. Njia ya kawaida ni mkuku na mataruma (mbavu za boti): unakata mkuku wa plaiwudi ya milimita 3, unakata mataruma kama tisa hivi ya plaiwudi hiyo hiyo na kuyapachika kila baada ya sentimita tatu mpaka nne, unahakikisha yamesimama wima na yamelingana kushoto na kulia, halafu unaanza kuvisha vipande vyembamba vya mbao kutoka juu kushuka chini. Vipande vya upana wa milimita 5 na unene wa milimita 1 vinatosha. Unavilowanisha kwenye maji ya moto, unavikunja kufuata umbo, unavibana na vibanio vya kuanikia nguo, unaacha vikauke vikiwa na umbo lake, ndo unagundisha. Usilazimishe kipande kikavu, kitakaa leo na kesho kitaachia pale omo. Na visha kwa zamu, kimoja kushoto kimoja kulia, ukimaliza upande mmoja kwanza bodi yote inapinda kama ndizi na hakuna msasa utakaoinyoosha. Mafundi wa madau na majahazi wa pwani wanalijua hili vizuri sana, ukipata nafasi ya kukaa kiwanda cha kuundia madau ukatazama wanavyopanga mbao kwenye hanamu (pale mbele panapokata maji) utajifunza kitu ambacho hakuna maelekezo ya kuandikwa yatakufundisha.

Bodi ya Kingani ni kinyume. Imefunikwa na sitaha sehemu kubwa, kwa hiyo ndani hakuna anayeona. Unaweza kupanga tabaka za mbao laini moja juu ya nyingine, kila tabaka limekatwa kwa umbo la boti kwa urefu huo, unagundisha kwa gundi ya mbao, unabana usiku kucha, halafu unachonga ngazi zile ziishe kwa patasi na tupa na msasa mkubwa mpaka mdogo. Bodi unaipata kwa muda mfupi sana ukilinganisha na ile ya mataruma, na ni ngumu kuharibu maana ukichonga kupita kiasi unapaka fila unachonga tena. Kwa hiyo mtu atasema, sasa si Kingani ndo rahisi?

Bodi ndiyo. Shida ya Kingani inaanza bodi ikiisha. Kwanza ni boti ya chuma. Chuma cha wakati ule ni mabati yaliyounganishwa kwa ribiti (vile vichwa vya misumari ya kugongwa), na boti ya chuma bila mistari ya mabati na ribiti inaonekana kama sabuni iliyochongwa. Kwa hiyo baada ya bodi ya mbao inabidi uivishe ngozi. Karatasi ya kawaida ya printa ina unene wa kama milimita 0.1, kwa skeli ya 1:48 hiyo ni sawa na bati la karibu milimita 5, na kwa bodi ya tani 45 inakaa vizuri tu machoni. Unakata vipande, unavibandika kwa kupishanisha kidogo, unapaka supaglu nyembamba inyonyewe ili karatasi iwe ngumu kama plastiki, unapitisha msasa laini kwa mkono mwepesi. Ribiti unazitoa kwa kuchovya ncha ya sindano kwenye gundi nyeupe na kudondosha kitone kimoja kimoja juu ya mstari wa penseli, au kwa bati laini la kopo la soda unalibonyeza kwa nyuma kwa kalamu iliyoisha wino. Kazi hii inatuliza moyo kwa mtu mwenye subira, lakini mstari mmoja ukienda upogo jicho linaukuta huo huo kila siku.

Halafu vya juu. Dohani, boila chini yake, turubai la kivuli na nguzo zake, reli, kuni (ndiyo, ilikuwa inachoma kuni), mlingoti, mzinga mbele. Kila kimoja ni kidogo na kila kimoja kinataka kichwa. Mimi kwa upande wake ina mzinga, Maxim, matangi, usukani, bendera na basi. Jumlisha kazi yote, Mimi ni nusu ya Kingani hata kama bodi yake ni ngumu zaidi. Na ugumu wake uko mwanzoni, wakati bado una hamu, siyo mwishoni wakati umechoka. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuamua.

Mizinga sasa, maana ndo macho ya watu yanapoenda. Hotchkiss ya paundi 3 ni ya milimita 47, kwa 1:35 tundu lake ni kama milimita 1.3. Eria ya redio ndogo iliyovunjika ndo kitu bora kabisa kwa mtutu, maana zile bomba zinaingiliana na kila moja ni nyembamba kuliko iliyotangulia, ndo umbo lenyewe la mtutu, unakata unaunganisha unapitisha msasa kwenye viungo. Maxim ina lile bomba nene la maji, kijiti cha kusafishia masikio cha plastiki kinakaribia unene wake kwa 1:35. Kitako cha mzinga wa mbele usikichukulie poa. Inasimuliwa kwamba kwenye majaribio kule mto Thames mzinga ulipigwa kabla haujafungwa sawasawa ukaruka majini pamoja na mpigaji, na hata ulipofungwa vizuri walikuwa wanapiga mbele tu maana ule mstuko ungeweza kuumiza boti kwa ubavu. Kwa hiyo sitaha ya pale mbele ionekane imeongezewa nguvu, mzinga usielee juu ya ubao mwembamba. Na Kingani hivyo hivyo, mzinga wake wa mbele haukuweza kugeuka nyuma, ndo maana Waingereza waliifuata kwa nyuma siku ile. Ukiziweka boti mbili pamoja kwenye kibao kimoja zipange hivyo, Mimi na Toutou nyuma, Kingani mbele inajaribu kugeuka, usiziweke zinatazamana, haikuwa hivyo.

Kuhusu vifaa vya kujengea, kuna mbao, kuna plastiki, kuna kadi. Mbao kwa Mimi, na ukipata mkangazi utafurahi maana ni ndugu wa karibu wa ile mahogani na mabaki yake yapo kwa maseremala wengi, wanayatupa au wanayachomea. Omba wakupasulie vipande vyembamba kwa mashine, kwa mkono utateseka. Ila kitu kimoja, mkangazi una vitundu vya asili ambavyo kwa 1:35 vinavumilika na kwa 1:72 vinaonekana kama mashimo, kwa hiyo kwa skeli ndogo chukua mbao laini yenye nyuzi ndogo halafu uipake rangi ya mkangazi. Vaa barakoa ukipiga msasa, vumbi lake linakera kifua.

Plastiki ni kwa Kingani na Hedwig. Shiti maalum za modeli kwetu ni za kuagiza na zinakuja ghali, lakini wanaotengeneza mabango wanatumia zile bodi nyeupe za PVC na vipande vinavyobaki wanakupa kwa hela ya soda. Bomba la maji la PVC nalo unaweza kulipasua kwa urefu, ukalilainisha kwa maji yanayochemka, ukalibana kati ya mbao mbili mpaka lipoe, unapata shiti safi ya milimita mbili. Maji ya moto tu, usiweke motoni, PVC ikiungua moshi wake ni sumu.

Kadi ni kwa Götzen. Meli ndefu yenye kuta bapa, madirisha mengi ya mstari, vyumba vya mraba juu ya sitaha, kadi nzuri iliyopakwa vanishi inafanya kazi hiyo safi na kwa bei ndogo, na madirisha unayakata kwa wembe mpya ukiwa na rula ya chuma. 1:150 inakupa sentimita 48 na hiyo ni saizi ya kuishi nayo nyumbani. Lakini boti za kuokolea, reli za urefu wote pande zote, nguzo za turubai, ni vitu vya kurudia rudia mamia ya mara. Götzen ililetwa kutoka Papenburg, Ujerumani, kwenye maboksi 5,000 ikaunganishwa Kigoma, na ukiijenga utawaelewa wale mafundi. Kwa mtu aliyeshamaliza kazi mbili tatu ni zawadi kubwa. Na kama unaijenga ya vita, amua mapema ni ya mwezi gani: ya 1915 ina mzinga wa kweli wa milimita 105 uliotolewa kwenye Königsberg, manowari ya Kijerumani, kule Rufiji, ya kabla tu ya kuzamishwa 1916 ina mti uliochongwa ukafanana na mzinga, maana wa kweli ulikuwa umeshaondolewa. Huo mti mi ningeujenga kwa mbao kweli na rangi yake ningeiacha tofauti kidogo na ya chuma.

Hedwig siielezi sana. Inafanana na Kingani kwa aina ya kazi, ni kubwa kidogo, picha zake ni chache, na kila unachopata ukiijenga unakipata kwenye Kingani kwa jasho dogo. Mwenye Kingani tayari na anataka jozi, sawa, aijenge kwa skeli ile ile.

Jambo la tarehe linaihusu Kingani pia na ndo uzuri wake mkubwa. Boti moja ina maisha mawili. Ya kabla ya 26 Desemba ni ya Kijerumani, mzinga mdogo mbele, bendera ya jeshi la majini la Kaiser. Ya baada ni Fifi, bendera nyeupe ya Waingereza (White Ensign, ile ya jeshi lao la majini, siyo ya kusalimu amri), na mbele wameweka mzinga wa paundi 12 ambao kwa boti ile ulikuwa mkubwa mno, wanasimulia kila ukipigwa boti inasimama kabisa kwenye maji. Kwa modeli hiyo ni picha kali sana, kale kaboti na lile limzinga. Mi kati ya hizo mbili ningechukua Fifi. Usichanganye tu, mzinga wa Fifi na bendera ya Kijerumani haviendi pamoja hata siku moja.

Rangi. Picha zote ni nyeusi na nyeupe kwa hiyo unalinganisha vivuli: tafuta kwenye picha kitu unachojua ni cheupe kweli, mfano ile bendera au kofia, halafu angalia bodi imekuwa nyeusi kiasi gani kuliko hicho. Ukipaka modeli, ipige picha, igeuze nyeusi na nyeupe kwenye simu, iweke kando ya picha ya zamani. Njia rahisi na inakuambia ukweli haraka. Kijivu cha rangi ya kupuliza ukikipaka moja kwa moja kinaonekana kizito kwa modeli ndogo, changanya na nyeupe kidogo, na praima kwanza siku zote, hasa juu ya PVC.

La mwisho ni la mandhari, na hapa nina neno kwa anayechagua Mimi. Majini inapendeza, lakini boti hii ukiiweka juu ya tela lake milimani Katanga unapata modeli ambayo haifanani na nyingine yoyote, boti ya vita katikati ya msitu. Sasa ukifanya hivyo usiweke maofisa watano wenye kofia ukaishia hapo. Njia ile ilikatwa na watu wa Kongo kwa maelfu, miti wameangusha wao, madaraja ya magogo wamejenga wao, kamba wamevuta wao, na mashine za mvuke zilipokaukiwa maji ni akina mama waliobeba mitungi kichwani kutoka mbali kuzijaza. Majina yao hayako kwenye vitabu vingi vinavyomsifia Spicer-Simson na sketi yake ya khaki. Modeli inaweza kuwaonyesha. Watu wa 1:35 wa namna hiyo hawauzwi kwenye boksi, inabidi uwafinyange mwenyewe kwa puti ya epoksi juu ya waya mwembamba, nguo kwa tishu iliyolowa gundi nyeupe, mitungi kwa shanga za mbao zilizopigwa msasa. Ni kazi, ndiyo, lakini boti futi 40 haikupanda mlima yenyewe.

Ukishaamua, kabla hujanunua chochote chora ubavu wa boti kwa saizi kamili ya modeli kwenye karatasi, ubandike ukutani ukae nao siku kadhaa. Ukiona bado unautaka, kata mkuku.